Januari si mwezi wa kukimbizana: uzi wa wanaotaka kuuanza mwaka taratibu

#1 Tulizana (mleta uzi)

Wakuu, heri ya mwaka mpya.

Sikukuu zimekwisha. Wageni wamerudi makwao, nyumba imebaki na mashuka ya kufua, na mifuko imekuwa myepesi. Kabla mtu hajapata hata usingizi wa kushiba, maswali yanaanza: mwaka huu una malengo gani? Umeshajiandikisha mazoezi? Unataka kupunguza kilo ngapi? Mbona bado hujaanza?

Nimeleta uzi huu kutetea hoja moja: Januari iachwe iende taratibu. Kazi za lazima zifanyike, madeni yalipwe, watoto wahudumiwe. Ila zile nyongeza za hiari tunazojibebesha tarehe moja asubuhi, kwamba ndani ya mwezi mmoja lazima niwe mtu mwingine kabisa, hizo tuziweke pembeni kwanza. Mwezi huu ujae usingizi, nyumba tulivu, chakula kinachopikwa bila haraka, kitabu, na mazungumzo na watu wachache unaowapenda.

Tuanze na tarehe yenyewe. Tarehe 1 Januari ni makubaliano ya wanadamu tu. Mapokeo ya Warumi yanasema kalenda yao ya kale ilikuwa na miezi kumi, ikianza Machi na kuishia Desemba, na siku za katikati ya baridi hazikuwekwa katika mwezi wowote. Januari na Februari ziliongezwa baadaye. Makonsuli, yaani viongozi wakuu wa Roma, walianza kuingia madarakani tarehe 1 Januari mwaka 153 KK. Hata baada ya hapo tarehe hiyo haikukubalika kila mahali: kisheria Uingereza ilihesabu mwaka mpya kuanzia 25 Machi kwa karne nyingi, na 1752 ndio mwaka wa kwanza kuanza 1 Januari. Kwa hiyo ukiamua kwamba mambo yako makubwa yataanza Machi, hujachelewa popote. Kuna watu waliishi hivyo vizazi na vizazi na shughuli zao zikaenda.

Halafu kuna mwili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapojilaumu bure.

Ndani ya ubongo kuna saa inayopanga usingizi, njaa, joto la mwili na uchangamfu. Saa hiyo inaongozwa zaidi na mwanga. Msimu wa sikukuu unaivuruga kila upande: tunalala usiku wa manane, tunakula saa tano usiku, tunaamka jua likiwa utosini, tunasafiri, tunakunywa. Kisha Jumatatu ya kwanza tunaitaka irudi kwenye ratiba kwa amri moja. Haiwezi. Inasogea kidogo kidogo, siku baada ya siku. Ule uzito wa wiki ya kwanza kazini, kichwa kizito, hasira za karibu, hamu ya sukari, kwa sehemu kubwa unatokana na usingizi uliopotea na saa iliyohama. Si uvivu wala si udhaifu wa tabia.

Inayosaidia ni hii. Chagua saa moja ya kuamka na uishike hata siku za mapumziko. Ukiamka, toka nje upate mwanga, hata kama kuna mawingu, maana mwanga wa nje siku ya mawingu mara nyingi unapita luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) wakati sebule yenye taa ina mia chache tu. Kahawa iishie mchana, kwa sababu baada ya muda wa saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Jioni punguza taa. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na Januari ni mwezi mzuri wa kujipa hata zaidi ya hizo bila kumwomba mtu radhi.

Kuna jambo lingine dogo ninalolipenda sana: kuoga maji ya moto jioni. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2019 yaliona kwamba maji ya nyuzi 40 hadi 43 hivi, saa moja au mbili kabla ya kulala, humfanya mtu apate usingizi kwa wastani wa dakika 10 mapema. Sababu yake inavutia. Maji ya moto huivuta damu mikononi na miguuni, joto linatoka kupitia ngozi, na ndani ya mwili panapoa. Kule kupoa ndiko kunakoleta usingizi. Kwa hiyo starehe hiyo ina kazi yake mwilini, usiione ni anasa.

Kuhusu maazimio: Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London (UCL) walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya namna tabia mpya inavyozoeleka. Walipata kwamba kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66 mpaka jambo lianze kufanyika lenyewe bila kujisukuma, na kati ya mtu na mtu makadirio yalitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Januari ina siku 31. Yaani mtu anayejiita mshindwa tarehe 20 anafunga hesabu kabla mchezo haujafika hata nusu.

Na ile habari inayosambazwa kila mwaka, kwamba kuna Jumatatu moja ya Januari ambayo ndiyo siku ya huzuni kuliko zote duniani, ilianzia kwenye tangazo la kampuni ya usafiri mwaka 2005, pamoja na fomula ambayo haina mashiko ya kisayansi. Usiamke siku hiyo ukijitafutia huzuni.

Sasa Januari ya taratibu ikoje nyumbani? Kwangu mimi inaanza na chumba kimoja. Huwezi kuitengeneza nyumba nzima ukiwa umechoka, ila kona moja unaiweza: kiti, taa yenye mwanga wa njano, blanketi, meza ya kuwekea kikombe. Simu inabaki chumba kingine. Ile jioni ambayo Desemba ingekuwa na watu kumi sasa ina mtu mmoja au wawili, na mnaongea yale ambayo kelele za sikukuu hazikuwapa nafasi. Napenda kupika kitu kinachokaa motoni muda mrefu chenyewe, nyumba ikajaa harufu. Napenda kushona vifungo vilivyokatika, kupanga picha za sikukuu, kumwandikia ujumbe mrefu mtu aliyenialika na sikumshukuru ipasavyo. Ni kazi ndogo, zinaisha siku hiyo hiyo, na ukimaliza unaona kabisa kwamba umemaliza.

Tuambizane na ninyi mnaipitishaje. Karibuni.

#2 Kinyonga

Nakazia. Mimi naongeza kutembea. Sisemi kukimbia wala kuhesabu hatua kwenye saa ya mkononi. Kutembea tu baada ya chakula, mikono mfukoni, bila kitu masikioni. Utashangaa akili inavyojipanga yenyewe.

#3 Mpambanaji

Mleta mada, nimesoma mpaka mwisho na nakuheshimu, ila hii naiona ni Januari ya wenye nacho. Wengine Januari ni kodi ya nyumba, ni madeni ya sikukuu, ni mshahara uliokwisha kabla ya mwaka kwisha. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo akae kwenye kona na blanketi. Yeye anatafuta kazi ya pili.

#4 Tulizana (mleta uzi)

Mkuu Mpambanaji, umesema kweli na sitaki tuipite hoja yako juu juu.

Mwenye deni la kweli hana budi kuhangaika, na anayetafuta kazi ya pili namwombea aipate. Ninachosema ni kwamba mwezi wa namna hiyo ndio usiohitaji mzigo mwingine juu yake. Kujiandikisha mazoezi ya kulipia, kununua vifaa vya kupangia maisha, kubadili chakula cha nyumba nzima, vyote hivyo vinakula pesa. Kulala mapema ni bure. Kitabu ulichokuwa nacho tangu mwaka juzi ni bure. Kuwaambia marafiki "mwezi huu njooni nyumbani tuongee, tusitoke" kunaokoa pesa za pande zote mbili.

Na kuhusu deni lenyewe, lipe jioni moja tulivu. Karatasi moja, kila deni mstari wake: nani anadai, kiasi gani, lini, riba kiasi gani. Kwanza tenga pa kulala, chakula, umeme na maji, na nauli ya kazini. Kinachobaki, lipa kiwango cha chini kwa wote kisha ziada yote uipeleke kwenye deni lenye riba kubwa kuliko mengine, maana hilo ndilo linalokula zaidi. Kama unaona tarehe fulani hutaiweza, mpigie anayekudai kabla tarehe haijafika. Anayepiga simu mapema husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Hesabu hiyo ukiifanya umekimbizwa utaikosea, ukiwa umelala vizuri utaipata. Hata kwa mwenye shida, utulivu una faida ya mkononi.

#5 Mpambanaji

Hapo kwenye kupiga simu kabla ya tarehe nimekuelewa. Wacha niandike hiyo karatasi.

#6 Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku, na Januari wodini hakuna taratibu. Lakini nyumbani ipo, nimeitengeneza mwenyewe, nayo iko saa tatu asubuhi.

Natoka kazini nimevaa miwani ya jua ili mwanga wa asubuhi usiiambie saa ya mwili kwamba siku imeanza. Nyumbani pazia nzito, chumba cha baridi kidogo, maji ya moto, soksi. Nakula chakula chepesi. Kengele ya mlango nimeizima, na kila jirani anajua. Huo ndio usiku wangu na naulinda kama wengine wanavyoulinda usiku wao. Kwa hiyo walio kwenye zamu, madereva, walinzi, waokaji mikate, msijione uzi huu hauwahusu. Kilicho muhimu ni kuwa na saa ambazo hakuna anayekudai chochote, hata zikiangukia asubuhi.

#7 Kusini

Uzi mzuri, lakini mbona wote mnaongea habari za blanketi? Nusu ya dunia Januari ni joto. Ninapoishi sasa ni kiangazi kamili, ukigusa ukuta wa nyumba mchana unaungua mkono.

Taratibu ya joto ina sura nyingine. Sisi tunafunga madirisha na mapazia asubuhi jua likianza kuwaka, halafu usiku hewa ikipoa tunafungua kila kitu ili upepo upite. Mchana hakuna shughuli nzito, watu wanajinyoosha kivulini. Jioni tunamwaga maji ukumbini, tunakaa nje mpaka usiku sana. Utulivu ni ule ule, kasoro blanketi.

#8 Darubini

Kusini, hapo umegusa jambo ninalolipenda. Watu wengi hawajui kwamba dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka: kama kilomita milioni 147, wakati mwanzoni mwa Julai ni kama milioni 152. Majira yanaletwa na mwinamo wa mhimili wa dunia, nyuzi 23.4, wala si umbali huo. Ndiyo maana wakati ule ule wa ukaribu kaskazini wanatetemeka na ninyi mnaungua.

Na kwa walio kaskazini kuna jambo linaloeleza kwa nini asubuhi za Januari ni nzito hivyo. Siku fupi kuliko zote ni 21 au 22 Desemba, na watu wanadhani kuanzia hapo asubuhi zinaanza kung'aa. Hapana. Mwanga unaoongezeka kwanza ni wa jioni. Katika siku hizi, kutoka adhuhuri moja ya jua, yaani jua likiwa juu kabisa, hadi nyingine kunapita saa 24 na sekunde zipatazo 30, hivyo jua linachelewa kidogo kila siku kwa saa zetu za ukutani. Kwa maeneo ya latitudo ya nyuzi 40, macheo yanayochelewa kuliko yote huja siku za mwanzo za Januari. Unapoamka na kuona kiza kuliko wiki mbili zilizopita, macho yako hayajakudanganya. Kweli kuna kiza zaidi.

Sasa burudani ya bure kwa kila mtu, kaskazini na kusini. Usiku wa Januari usio na mawingu, saa tatu au saa nne, toka nje utafute nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja mfupi. Huo ni mkanda wa kundi la Orion, na kwa kuwa liko karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa kuwazia angani ulio juu ya ikweta ya dunia, linaonekana karibu kila mahali wanapoishi watu. Upande mmoja wa mkanda kuna nyota nyekundu-nyekundu, Betelgeuse, na upande wa pili Rigel yenye weupe wa bluu. Fuata mstari wa mkanda kuelekea upande mmoja utafika kwenye Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka minane kukufikia. Kaeni wawili watatu, dakika ishirini, macho yazoee giza. Hakuna haja ya kifaa chochote.

#9 Mama Wawili

Naomba mnisaidie wenye watoto wadogo. Wangu wamezoea kulala saa sita za usiku tangu mapumziko yaanze, asubuhi ni vilio, na mimi hiyo kona yenye taa ya njano siioni hata kwa mbali.

#10 Zamu ya Usiku

Pole dada. Usiwarudishe kwa siku moja. Wahisha saa ya kulala kwa dakika 15 hivi kila usiku au kila baada ya usiku mmoja, ila asubuhi waamshe saa ile ile na uwatoe kwenye mwanga. Skrini zizimwe mapema kabla ya kitanda. Halafu mfuatano uwe mmoja kila siku: kuoga, nguo za kulalia, hadithi, taa. Mtoto hajui saa lakini anajua mfuatano.

Hiyo hadithi ya usiku ifanye iwe kona yako pia. Lala nao chini ya shuka, soma polepole sana, sauti ya chini. Usiku mwingine wewe ndiye utakayesinzia kwanza, na haidhuru.

#11 Bi Mkubwa

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi.

Mnasema nyumba tulivu kana kwamba kila mtu anaitaka. Mimi wajukuu wakiondoka, nyumba inanyamaza mpaka nasikia jokofu. Mume wangu alifariki, na Desemba kila mtu huwa hapa, wananizunguka, wananichekesha, wananipikia. Januari kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Sikukuu ndiyo inayosemwa kuwa ngumu kwa mfiwa, lakini kwangu mwezi unaofuata ndio mgumu, kwa sababu hakuna anayepiga simu tena.

Kwa hiyo nawaombeni, katika huo utaratibu wenu mtie watu kama sisi. Hatuhitaji karamu. Mtu aje na ufumaji wake au kazi yake, akae hapo sebuleni, mimi niendelee na yangu, tunyamaze wote wawili. Jirani yangu mmoja binti hufanya hivyo, huja kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake mezani kwangu. Hatuongei sana. Siku hizo nalala vizuri.

#12 Tulizana (mleta uzi)

Shikamoo Bi Mkubwa. Umeongeza jambo ambalo uzi wangu haukuwa nalo. Kuanzia leo nikisema Januari ya taratibu nitamaanisha na hilo: kwenda kukaa na mtu bila shughuli ya kuhalalisha ujio wako. Kila mmoja wetu humu ana mtu wa namna hiyo. Leo jioni namtembelea wangu, na nawaomba wasomaji wafanye hivyo wiki hii wakati sikukuu bado zinakumbukwa na mlango bado uko wazi.

#13 Bi Mkubwa

Marahaba mwanangu. Nenda, na ukae sana.

#14 Mgeni Jamvini

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza bila kuhukumiwa. Nitajuaje kama huu uchovu wangu ni wa sikukuu tu au ni kitu kingine? Sitaki kuamka, sitaki kuona watu, na hata vitu nilivyovipenda havinivuti. Nikisoma hapa "kaa nyumbani, pumzika" naona ndicho ninachofanya tayari, na hakinisaidii.

#15 Zamu ya Usiku

Marahaba ndugu yangu, na asante kwa kuuliza. Swali lako ni zito kuliko yote humu.

Uchovu wa sikukuu unapungua ukilala. Siku chache, wiki moja hivi, unaanza kuona tofauti, na katikati yake bado unafurahia kitu: chakula, rafiki, wimbo. Ukiwa na huzuni au kutovutiwa na chochote karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, kukosa nguvu au kujiona huna thamani, hiyo inaitwa sonona na ni ugonjwa wenye tiba. Nenda kwa daktari au mtoa huduma za afya umweleze kama ulivyoandika hapa, maneno hayo hayo. Ipo pia aina inayorudi kila majira ya mwanga mdogo. Dk. Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984, na mojawapo ya tiba zake ni taa maalumu ya luksi 10,000, kama nusu saa kila asubuhi, kwa ushauri wa daktari.

Kwa hali hiyo kujifungia ndani hakufai. Utaratibu wako uwe wa kutoka: mwanga asubuhi, mtu mmoja kila siku, hata dakika kumi. Na mawazo ya kutotaka kuishi yakikujia, usisubiri wiki mbili wala kesho. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Nipo hapa jamvini, niandikie faragha.

#16 Mgeni Jamvini

Nimeelewa. Zimepita wiki mbili. Nimemwandikia dada yangu, kesho tunakwenda pamoja.

#17 Bi Mkubwa

Umefanya vema mwanangu. Ukitoka huko uje utuambie.

#18 Fundi Moto

Nami nina neno kwa wapenda joto la ndani, na nalisema kwa msisitizo. Msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba. Hata likiwa jekundu tu bila moshi, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishika kwenye damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala, haamki. Jenereta na majiko ya gesi yaliyokusudiwa nje ni hivyo hivyo. Mkiwa na mahali pa moto penye dohani, dohani isafishwe, na kama mnaweza kununua kifaa cha kugundua gesi hiyo, nunueni. Mishumaa mbali na mapazia, na izimwe kabla ya kitabu kukuanguka usoni.

Ukitaka kitanda chenye joto, chupa ya maji ya moto iliyofunikwa kitambaa inatosha. Na nguo nyepesi mbili tatu juu ya nyingine zinashika joto kuliko moja nzito, kwa kuwa hewa inanaswa katikati.

#19 Mpanda Miti

Nimependa hoja ya Machi. Sisi wa mashamba ya baridi tunaijua kwa njia nyingine. Mitufaha mingi inahitaji mamia ya saa za baridi, kati ya nyuzi 0 na 7 hivi, kabla macho yake, yaani machipukizi, hayajafunguka vizuri. Baridi ikipungua, maua yanatoka machache, tena kwa vipindi, na mavuno yanakuwa hafifu. Ngano ya majira ya baridi nayo inapandwa mapema, inachipua kidogo, kisha inakaa wiki kadhaa kwenye baridi kama imelala. Bila wiki hizo haitoi masuke inavyotakiwa. Ukiitazama shambani Januari utasema haifanyi kitu, kumbe ndani yake ndipo inapojitayarisha kutoa maua.

Sasa hivi kazi yangu ni kunoa makasi ya kupogolea, kutengeneza vipini na kusoma orodha za mbegu. Sina haraka.

#20 Kinyonga

Swali la mwisho kwa mleta uzi. Bosi wangu ameshatangaza "tuanze mwaka kwa kasi", vikao vitatu kwa siku. Na marafiki wananiita kila Ijumaa. Unakataaje bila kuonekana umejitenga?

#21 Tulizana (mleta uzi)

Marafiki waambie ukweli kwa sentensi moja na uwape kitu badala yake: "Mwezi huu sitoki usiku, njoo Jumapili mchana tupike wote." Anayekupenda atakuja. Usitunge visingizio, maana vitakubana wiki ijayo.

Kazini huna mamlaka juu ya kasi ya bosi, ila juu ya baadhi ya saa unayo. Tenga saa ya kwanza asubuhi kwenye kalenda iwe ya kazi moja tu, bila baruapepe. Mrundikano wa barua za mapumziko usiusome kuanzia chini. Anza na za leo, kisha tafuta majina ya watu wanaokutegemea moja kwa moja. Nyingi katika zilizobaki zitakuwa zimeshajimaliza. Kikao ambacho hujui kazi yako ndani yake, uliza kwa adabu kabla hakijaanza: "Mnahitaji nini kutoka kwangu?" Mara nyingine jibu ni "tutakutumia muhtasari." Na ukifika nyumbani, usijibu ujumbe wa kazi uliokuja baada ya chakula cha jioni, labda uwe wa dharura ya kweli. Watu wanajifunza saa zako kwa kuona unajibu lini.

Yale maazimio usiyatupe. Yaandike leo, uyaweke ndani ya kitabu unachosoma. Utakapofika ukurasa huo, uone ni lipi bado unalitaka.